Gumba linauma na vipanya havidumu: je, ninunue chenye vitufe kumi na viwili?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Tanga, kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba kwa programu ya AutoCAD. Mchana niko ofisini kwenye kampuni ya ujenzi, jioni na Jumamosi nachora nyumbani kwa laptopu kazi za wateja wangu mwenyewe. Kwa hiyo mkono wa kulia uko juu ya kipanya karibu siku nzima.

Shida yangu ya kwanza ni kwamba vipanya havikai. Nanunua vya bei ndogo visivyo na waya, na baada ya miezi michache kitufe cha kushoto kinaanza kupiga mara mbili. Nabofya mara moja kuanzisha mstari, kompyuta inahesabu mbili. Navuta dirisha la kuchagua vitu, linajifunga katikati kabla sijaachia. Kimoja kiliharibika gurudumu: nasogeza mchoro karibu, unaruka kwenda mbali. Hiki nilicho nacho sasa kimevikwa mpira laini, nao umeanza kunata, vumbi limegandia juu yake hata kukishika naona kinyaa.

Shida ya pili ni gumba. Maumivu yako kwenye shina la kidole, upande wa kifundo cha mkono, na jioni yanazidi. Nikikamua nguo yananichoma hasa.

Kaka mmoja wa ofisini anayecheza michezo ya kompyuta ananishauri ninunue kipanya cha wachezaji chenye vitufe 12 ubavuni, niweke humo amri zangu zote: Esc, Enter, Delete, kutengua, kunakili, kubandika, F3, F8. Muuzaji wa Dar niliyempigia anasema nichukue Logitech MX Master 3S, ndicho cha watu wa kazi nyingi. Fungu langu la kikoba linatoka mwezi ujao na kipanya hicho kitalimega sana. Mume wangu anasema kipanya ni kipanya, na hela ile tuliipangia ada ya mtoto. Sijapenda tubishane, lakini mkono huu ndio unaoingiza hela yenyewe.

Kuna mengine ya kujua. Kompyuta ya ofisini imefungwa, siwezi kuweka programu yoyote bila mtu wa IT ambaye yuko Dar. Mkono wangu ni mdogo: kutoka mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati ni sentimita 16 na nusu. Kibodi yangu ni ile ndefu yenye tarakimu upande wa kulia.

Nikinunua cha bei kubwa, kitadumu? Vitufe vingi vitanipumzisha? Naomba unisaidie kufikiri.

Mwenye Gumba Linalouma, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa maumivu. Umefanya jambo jema kupima mkono kabla ya kupima mfuko. Wengi hununua kipanya kwa kutazama picha kwenye boksi, na kipimo hicho kitatusaidia sana hapo mbele.

Nikikusoma vizuri, unatafuta kipanya kimoja kikufanyie mambo matatu: kisife baada ya miezi michache, gumba lipone, na kazi iende haraka. Yote yanahusu kitu kile kile kilicho mkononi mwako, ndiyo maana yanaonekana kuwa jambo moja. Lakini kila moja lina chanzo chake, na dawa ya moja inaweza kulizidisha lingine. Naomba tuyatenganishe.

Tuanze na gumba, maana kipanya kitanunuliwa tena lakini mkono hautanunuliwa. Umesema kinachouma ni shina la kidole gumba, kisha ukauliza kama vitufe 12 vitakupumzisha. Hebu fikiria vitufe hivyo vinabofywa na nani. Kwenye vipanya vya aina ya Razer Naga vyote 12 viko ubavu wa kushoto, na mbofyaji ni gumba peke yake. Likivitafuta hukunjwa, hurudishwa nyuma, husukumwa kuelekea kiganja, na likiwa halibofyi bado hulazimika kukaa hewani au kuegemea taratibu ili lisibofye kwa bahati mbaya. Mkono mzima unaweza kuufurahia mpangilio huo. Kwa gumba ambalo tayari linachoma ukikamua nguo, ningetaka ujiulize mara mbili kama unalipunguzia kazi au unaliongezea. Kwa sababu hiyo hiyo, vipanya vya tufe ambavyo tufe lake huzungushwa na gumba, kama Logitech Ergo M575, nisingeviweka mbele kwenye orodha yako, ingawa vina sifa nzuri ya kuupumzisha mkono uliobaki.

Maumivu ya upande huo, yanayozidi kwa kukamua na kushika, yanastahili kuonwa na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia hapo Tanga. Kano za gumba hupita kwenye mfereji mwembamba pembeni mwa kifundo, na zikivimba kila mkamuo huuma. Mimi siwezi kukuambia kwa barua kama ndicho ulicho nacho. Ila usichelewe ukianza kuona ganzi usiku kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, au ukiona vitu vinakuponyoka. Hizo ni dalili za mshipa wa fahamu kubanwa, na hakuna kipanya kinachotibu hilo.

Sasa tazama meza. Kibodi yako ndefu ina urefu wa takribani sentimita 45, na ule upande wa tarakimu unakisukuma kipanya mbali kulia. Mkono unakwenda nje, kifundo kinapinda, na gumba linakaza kushika. Siku moja jaribu hivi: sogeza kibodi nzima kushoto, kisha lete kipanya karibu kiasi kwamba kiwiko kibaki ubavuni. Vipimo andika kwa tarakimu za mstari wa juu. Kibodi fupi isiyo na upande wa tarakimu inafanya kazi hiyo hiyo kwa kudumu, na mara nyingi bei yake ni chini ya kipanya kikubwa. Ongeza pia kasi ya mshale kwenye mipangilio ya Windows hatua moja kila baada ya siku chache, hadi uvuke skrini nzima bila kuinua mkono mezani. Haya hayagusi kikoba kabisa, ndiyo maana ningependa uyafanye kwanza, wiki mbili hivi, kabla ya kununua chochote. Gumba likitulia hata kidogo utakuwa umejua tatizo lako halikuwa kipanya peke yake.

Twende kwenye vitufe. Orodha aliyokupa kaka wa ofisini ni nzuri kwa mchezaji, lakini mchoraji wa AutoCAD ana mkono wa kushoto uliokaa kibodini tayari. Esc iko upande huo. Mwambaa wa nafasi, kile kitufe kirefu cha chini, unafanya kazi ya Enter, na unarudia amri ya mwisho. Kufuta kitu, huna haja ya kuivuka kibodi kuitafuta Delete: E halafu mwambaa, imekwisha. Kunakili ni CO, kuhamisha M, kukata mistari TR, kutengua U, zote kwa mkono wa kushoto au kwa mnyoosho mdogo. Ortho, inayonyoosha mistari wima au mlalo, ukiitaka kwa muda mfupi shikilia Shift, huna haja ya kuifikia F8. Na kuna kitufe kimoja cha bure ambacho wengi hawakifungui. Andika OPTIONS, fungua User Preferences, halafu Right-click Customization, uweke alama kwenye time-sensitive right-click. Tangu hapo mbofyo mfupi wa kulia ni Enter, na ukishikilia kidogo ndipo menyu inatokea. Muda wenyewe unaurekebisha hapo hapo. Ulioanzishwa nao ni milisekunde 250. Mpangilio huu uko ndani ya AutoCAD, kwa hiyo kwa kawaida hauhitaji programu nyingine kwenye kompyuta ya ofisini.

Ili ujue unahitaji vitufe vingapi hasa, weka karatasi kando ya kibodi kwa siku mbili tatu. Kila mara mkono wa kulia unapokiacha kipanya kwenda kubonyeza kitu, andika kitu hicho na uweke alama. Usiandike kile kinachofanywa na mkono wa kushoto. Kwa kawaida vitu viwili au vitatu vinabeba alama nyingi, vilivyobaki vinatokea mara chache. Vile viwili vitatu ndivyo vinavyostahili kitufe. Ikitokea umepata kumi vyenye alama nyingi, basi kaka yako alikuwa na hoja, na tutaitazama kwa macho mengine.

Lakini kabla hujachagua, ile kompyuta iliyofungwa inabeba uzito kuliko unavyodhani. Vitufe vya ziada hufanya kazi kwa njia mbili. Njia ya kwanza, programu iliyo kwenye kompyuta ndiyo inayotafsiri kitufe. Ndivyo ilivyo MX Master 3S na programu yake ya Logi Options+: nyumbani utapanga unavyotaka, ofisini vitufe vya gumba vitarudi kuwa vya kwenda mbele na nyuma. Njia ya pili, kipanya chenyewe kina kumbukumbu. Unakipanga mara moja kwenye laptopu yako, unakihifadhi ndani yake, ukikichomeka ofisini kinatuma Delete au Enter kana kwamba kibodi ndiyo imebonyezwa. Vipanya vingi vya wachezaji vimejengwa hivyo, hata vidogo vya bei ya kati. Ukimuuliza muuzaji swali moja tu, muulize hili: kina kumbukumbu yake mwenyewe? Na ofisini mwambie mtu wa IT kwa simu kwamba unaleta kipanya chako, maana ofisi nyingine haziruhusu kifaa cha nje.

Hapo ndipo sentimita zako 16 na nusu zinapoingia. Mafundi wa mambo haya hukadiria kwamba kipanya kinachokaa vizuri kina urefu wa karibu asilimia 60 ya urefu wa mkono. Kwako ni kama sentimita 10. Kadirio tu hilo, si sheria. Anayelaza kiganja chote juu anataka kirefu zaidi, anayeshika kwa ncha za vidole anataka kifupi. Linganisha sasa. MX Master 3S ina urefu wa sentimita 12.5, upana 8.4 na uzito wa gramu 141. Ni kipanya kizuri, kina gurudumu la pili la gumba la kusogeza ukurasa kulia na kushoto, lakini kwa mkono wako huenda gumba likanyooshwa mchana kutwa, na gurudumu hilo nalo ni kazi ya gumba. Betri yake ya kuchaji imefungiwa ndani.

Upande mwingine kuna vidogo vyenye vitufe sita na kumbukumbu ndani yake, mfano Logitech G305 kisicho na waya, kinachotumia betri moja ya AA, au G203 chenye waya. Vyote viwili vina urefu wa karibu sentimita 11.7 na upana wa 6.2, na hakuna kinachofika gramu 100. Vitufe vya gumba ni viwili tu, kingine kiko nyuma ya gurudumu kinachobofywa na kidole cha shahada. Hicho cha shahada ningekifikiria zaidi kwa amri utakayoitumia sana, ili gumba lipumue. Hasara yake ni kwamba viko chini, kimo cha sentimita 3.8, na kiganja hakipati mto. Mtu aliyezoea kulaza mkono anaweza kuchoka kwa namna nyingine.

Kuna pia vya kusimama, ambavyo mkono unakaa kama unaposalimiana na mtu. Logitech Lift imetengenezwa kwa mikono midogo na ya wastani, ina urefu wa sentimita 10.8 na mwinamo wa nyuzi 57. Mkono hausokotwi, na wengi kifundo kinawatulia. Ila kwenye kuchora kuna la kutazama: mbofyo kwenye kipanya cha kusimama unasukuma kuelekea pembeni, kwa hiyo gumba hukishikilia kutoka upande wa pili ili kisihame. Ukibofya kwa nguvu, gumba linajibu kwa nguvu. Usahihi wa mstari nao hupungua siku za mwanzo. Na vitufe vyake vya ziada vinategemea programu, kwa hiyo ofisini utarudi kwenye kikwazo kile kile.

Chochote utakachokielekea, jaribu gurudumu. Wewe unalibonyeza na kuvuta ili kusogeza mchoro, na unalibofya mara mbili kuona mchoro wote. Linabofywa kuliko kitufe cha kulia. Magurudumu yanayoinama kushoto na kulia huteleza pembeni unapolibonyeza, na yale yanayozunguka bila meno huzunguka kidogo unapoyabonyeza, mchoro ukakimbia. Dukani libonyeze mara 20 mfululizo ukitumia kidole cha kati. Ikiwa unakaza mkono kulishusha, kirudishe.

Sasa tuje kwenye kudumu. Dhana kwamba bei kubwa inanunua miaka mingi ina ukweli nusu. Ndani ya kitufe kuna swichi ndogo yenye ulimi mwembamba wa chuma. Ukibofya, ulimi unaruka na kugusa kituo chake. Watengenezaji huandika mibofyo milioni 10, 20, 50. Tuseme unabofya mara 8,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: ni mara 2,400,000, na hata swichi ya milioni 10 ingekufikisha mwaka wa nne. Mbona vyako vinaanza kupiga mara mbili mapema hivyo? Kwa sababu hesabu ile ni ya ulimi kuvunjika, na ulimi wako haujavunjika. Umeme unaopita kwenye swichi ya kipanya ni mdogo mno, hauwezi kuunguza utando wa kutu unaojenga kwenye mguso. Utando ukiwepo, au ulimi ukilegea, mguso unakatika na kurudi ndani ya milisekunde chache, na kompyuta inahesabu mbofyo wa pili. Unyevu na chumvi ya hewa ya Tanga vinaharakisha hilo. Kipanya ghali chenye swichi ya aina ile ile kinaweza kuugua ugonjwa ule ule.

Kinachoepuka tatizo hilo ni swichi za mwanga: badala ya vyuma kugusana, mbofyo unakata au kufungulia mwali, kwa hiyo hakuna mguso wa kupata kutu. Razer wanazitumia kwenye vipanya vyao vingi. Tazama maelezo ya boksi. Njia nyingine ni kukubali kwamba swichi itachoka, ukachagua kipanya kinachofunguka. Swichi za kawaida zina umbo moja, milimita 12.8 kwa 5.8, miguu mitatu, na fundi simu mwenye mkono mzuri wa lehemu huzibadilisha. Skrubu hujificha chini ya vile vibandiko vya kutelezea, hivyo vibanduliwe taratibu vikiwa vimepashwa joto kidogo, na kifuniko kisivutwe kwa nguvu maana chini yake huwa kuna utepe wa waya. Swichi ikikosekana mjini, fundi anaweza kuhamisha ile ya kitufe cha kulia kuja kushoto kama ni za aina moja. Anzia na kimoja kati ya vile vilivyokufa, kama hujavitupa. Ukiharibu hujapoteza kitu, na kikipona kinakaa kama akiba.

Mpira laini kwa mwambao uuepuke. Joto na unyevu huuvunja wenyewe hata usipotumika. Hicho kinachonata kipanguse kwa kitambaa chenye spiriti ya duka la dawa, betri ikiwa nje, mpaka mpira utoke na plastiki ibaki. Hakitapendeza, lakini kitashikika. Ukinunua, tafuta plastiki tupu yenye chembechembe. Gurudumu linalorudi nyuma mara nyingi ni vumbi kwenye kihesabio chake: puliza hewa kwa nguvu ubavuni mwa gurudumu huku ukilizungusha, ndipo ufikirie fundi. Na betri za AA za bei ya chini kabisa huvuja na kula chemchemi, zitoe ukiondoka kwa wiki kadhaa.

Bandia zipo nyingi, Kariakoo na kwingineko. Nenda na laptopu yako ikiwa na programu rasmi ya kampuni imeshawekwa. Chomeka kipanya hapo dukani: programu isipokitambua kwa jina lake, usikilipie. Chukua risiti yenye tarehe na masharti ya udhamini, na usikifungue kwa fundi udhamini ukiwa hai.

Kuhusu mzee nyumbani, sidhani kama mnapingana sana. Yeye ameona kifaa, wewe umeona mkono. Mwonyeshe mahali panapouma, mwambie kazi za jioni zinaleta kiasi gani kwa mwezi, na mwambie pia kwamba mtaanza na mambo yasiyo na gharama. Huenda mwisho mkakuta kinachohitajika ni sehemu ndogo ya kikoba, ada ikabaki salama. Huenda mkakuta hela ya kwanza iende kwa daktari.

Ukipata kipanya kipya, kiweke amri mbili tu wiki ya kwanza, zile zilizoongoza kwenye karatasi yako, na usiongeze ya tatu mpaka vidole viziguse hizo bila kufikiri. Karatasi yenyewe ukishaijaza, niandikie ilichosema, pamoja na hali ya gumba asubuhi na jioni. Nitafurahi kusikia.